Uanaume nao ni jinsia: dhana zinazokwamisha insha za utafiti

"Shikamoo Mwalimu. Mada yangu ni uanaume, na haina vyanzo." Kijana wa Dunda, hapa Bagamoyo, alinifuata barazani na simu mkononi. Nikamwomba anioneshe alichotafuta. Kisandukuni aliandika "jinsia Tanzania", na matokeo yote yalikuwa mimba za utotoni, mikopo ya akina mama na wasichana mashuleni. Akaamini wanaume hawajaandikwa.

"Jinsia maana yake wanawake." Hapana. Kwenye fomu tunajaza jinsi, Me au Ke. Hayo ni maumbile. Jinsia ni yale ambayo jamii inayaweka juu ya maumbile hayo: nani anaruhusiwa kulia msibani, nani anaambiwa ajikaze, nani anatafuta mahari. Mwanaume hufundwa kama mwanamke anavyofundwa, na taaluma nzima inachunguza jambo hilo. R.W. Connell, mwanasosholojia wa Australia, alichapisha kitabu chake mwaka 1995 akakipa jina la wingi, Masculinities, kwa sababu hakuna uanaume wa aina moja. Nikamwambia kijana atafute neno hilohilo kwenye Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia maandishi ya kitaalamu, na ile "s" ya mwisho asiiache, kisha aongeze Tanzania. Alinyamaza akisoma, kidole kikipandisha ukurasa.

"Labda Ulaya, lakini kwetu hakuna kilichoandikwa." Hii ndiyo inayoniuma, maana inasemwa na vijana wanaoishi juu ya hazina yenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten na kikatoka mwaka 1903. Humo mna kuzaliwa, chuo cha Kurani, jando, unyago, ndoa, ngoma, utumwa na maziko, vyote kwa Kiswahili cha pwani hii. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilitoka mwaka 1981. Mtu anayetaka kujua mvulana wa pwani alivyofanywa mwanaume zamani za babu wa babu zetu, aanzie hapo.

Ila akisome kwa tahadhari. Hicho ni chanzo cha msingi, yaani ushahidi unaochambuliwa, si uchambuzi wenyewe. Kilikusanywa wakati wa utawala wa Wajerumani, mhariri akiwa Mjerumani na wasimulizi wakiwa wanaume. Ukiuliza ni nini hakikusemwa na kwa nini, hapo insha yako imeanza kuwa ya utafiti.

Jambo jingine ni kwamba uanaume mara nyingi umekaa ndani ya vitabu visivyoutaja kwenye jalada. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, na kwa vijana wa Kinyamwezi kubeba mzigo hadi pwani kulikuwa kipimo cha uanaume. Habari zao utazipata kwa kutafuta wapagazi, kwa mfano katika kitabu cha Stephen Rockel cha mwaka 2006. Jonathon Glassman naye, mwaka 1995, aliandika kuhusu karamu, ngoma na ushindani wa heshima katika miji ya pwani kati ya 1856 na 1888. Kwa hiyo tafuta kazi, ngoma, mahari, jando, jeshi.

"Mwandishi anayetajwa sana hapingwi." Connell mwenyewe, pamoja na James Messerschmidt, aliirudia nadharia yake mwaka 2005 katika jarida la Gender & Society, akajibu wakosoaji na kurekebisha baadhi ya mambo. Anayenukuu ya 1995 peke yake amesikiliza nusu ya mazungumzo.

"Makala nzuri zote zinalipiwa." Si zote. African Journals Online ina makala nyingi za bure, na kwenye JSTOR, maktaba ya majarida mtandaoni, ukijisajili bila malipo unasoma hadi makala 100 kwa mwezi. Tatizo kubwa ni bando.

"Ikiwa PDF yenye takwimu, ni makala ya kitaalamu." Ripoti ya shirika haijapitiwa na wasomi wengine kama makala ya jarida, lakini usiitupe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliwahoji pia wanaume wa miaka 15 hadi 49, hata kuhusu kama mume ana haki ya kumpiga mkewe. Hiyo ni data. Wewe ndiye wa kuichambua.

"Akili mnemba itanipa orodha ya marejeo." Itakupa, na baadhi ya makala hazitakuwepo duniani, ingawa mwandishi ni mtu wa kweli na jarida lipo. Nenda kwenye tovuti ya jarida, fungua toleo la mwaka uliotajwa, uitafute kwa jina. Usipoiona, ifute kwenye insha yako hata kama ndiyo iliyokubaliana nawe kuliko zote.