Kukazia mkataba wa usiri kwa mshirika aliye nchi nyingine

Mkataba wa usiri ni makubaliano ya kumfungulia mwenzako siri za biashara, kama michoro, fomula au orodha ya wateja, kwa sharti kwamba hatazitoa kwa mtu mwingine. Uzuie pia kuzitumia: kiwanda kinaweza kuunda bidhaa yako chenyewe bila kumwambia yeyote. Kuukazia ni kumlazimisha aliyevunja ahadi aache, na alipe.

Wengi huandika kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za kwao, wakiamini wamejikinga. Lakini hukumu ina nguvu ya moja kwa moja ndani ya nchi iliyoitoa tu. Kiwanda cha mshirika na akaunti zake viko nchini kwake, na mahakama za huko zikikataa kuitambua hukumu yako, umeshinda kesi na hujapata kitu. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, uliza mali zake ziko wapi na mahakama za huko zinatambua uamuzi wa nani.

Hapo ndipo usuluhishi, yaani kumkabidhi mgogoro mwamuzi binafsi auamue badala ya mahakama, una thamani. Mkataba wa New York wa 1958 unazitaka nchi wanachama, ambazo sasa zimepita 170, zitekeleze tuzo (yaani maamuzi) za usuluhishi zilizotolewa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Hukumu za mahakama hazina mkataba ulioenea kiasi hicho. Tena usuluhishi kwa kawaida huendeshwa faragha, na hilo si dogo kwa anayepigania siri. Udhaifu wake ni pale unapohitaji zuio la haraka, yaani amri ya kumkataza mtu asiendelee, maana siri ikishasambaa hairudi. Ndiyo maana naona ni lazima mkataba uruhusu pia kuomba amri ya zuio katika mahakama za nchi aliko mshirika.

Fidia itajwe mapema, kwa sababu hasara ya siri iliyovuja ni ngumu kuthibitisha. Iwe ya kadiri: mahakama nyingi hupunguza au hukataa kiasi kinachoonekana kuwa adhabu tupu.

Sheria nayo ina masharti yake. Kifungu cha 39 cha mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, unaohusu haki miliki, hulinda taarifa ambayo kweli ni siri, yenye thamani kibiashara kwa kuwa ni siri, na ambayo mwenyewe amechukua hatua za maana kuilinda. Anayetuma michoro kwa barua pepe bila alama ya siri wala kumbukumbu ya nani kapokea nini atapata taabu kuzionyesha hatua hizo.