Kamera ya gama haimpigi mgonjwa mionzi

Wengi bado wanaamini kuwa kamera ya gama, mashine ya kupiga picha za mifupa, humpiga mgonjwa mionzi, nayo ikabaki mwilini miaka. Kamera hiyo hupokea mionzi tu, haitoi (iliyounganishwa na mashine ya CT hutoa eksirei, lakini hiyo ni habari nyingine). Mionzi hutoka kwenye teknetiamu-99m, dutu yenye mionzi aliyodungwa mgonjwa. Hupungua nusu kila saa 6. Baada ya saa 24 imebaki kama asilimia 6, ukiacha inayotoka kwa mkojo.

Ndiyo maana teknetiamu haiwekwi stoo. Hospitali hununua jenereta, si ya umeme bali chombo cha kuzalishia teknetiamu: ndani yake molibdenamu-99, inayogeuka kuwa teknetiamu na kupungua nusu kwa saa 66, imenaswa kwenye alumina (oksidi ya alumini). Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yakipita, teknetiamu hutoka nayo. Molibdenamu ikivuja ndani ya maji hayo humwongezea mgonjwa mionzi bure, kwa hiyo kiasi chake hupimwa kwanza kabla ya kudunga.