Eti sakafu ya bahari haina joto?

Watu wakishaona chemchemi za maji moto za Sempaya kule Bundibugyo, Uganda, maji yanaivisha mpaka yai, wanasema joto la ardhi liko nchi kavu tu, chini ya bahari ni baridi. Hapana ssebo. Maji ya huko chini kabisa ni digrii kama 2, sawa, lakini sakafu yenyewe kwa wastani inatoa joto kushinda bara. Hata wanasayansi walidhani litakuwa kidogo, maana miamba ya bara ina uraniamu zaidi, na uraniamu ndiyo inazalisha joto, ila watafiti Revelle na Maxwell walipotoa vipimo vya mwanzo vya Pasifiki 1952 ikaonekana linakaribiana na la bara, wakashangaa. Kupima kwenyewe, meli inashusha chuma kirefu kama mkuki kinadungwa kwenye tope, sensa zake zinasoma joto linavyopanda ukienda chini, halafu wanapiga hesabu na jinsi tope linavyopitisha joto.