Tundu la chini ya bwawa la kuogelea: maswali na majibu kwa wazazi na wasimamizi wa mabwawa

Swali: Tundu lililo chini ya bwawa la kuogelea ni la nini?

Ni mdomo ambao pampu hunyonyea maji. Maji hutoka bwawani kupitia tundu hilo na kupitia skima, yaani kile kisanduku cha ukutani kilicho usawa wa maji kinachonasa majani na mafuta ya ngozi, kisha hupita kwenye chujio, hutiwa dawa na kurudishwa kupitia matundu madogo ya pembeni. Pale maji yanaporudi, yanasukuma. Pale yanaponyonywa ndipo penye hatari. Jakuzi, yaani beseni la kuketi lenye maji ya moto yanayobubujika, huendeshwa kwa mfumo huohuo, ila chombo ni kidogo na mtu huketi karibu kabisa na tundu.

Swali: Tundu lenyewe ni dogo, hata kichwa cha mtoto hakipiti. Hatari iko wapi?

Mtoto hahitaji kupita. Inatosha alizibe. Mgongo, tumbo au makalio yakishaziba tundu, pampu haijui kwamba mbele yake kuna mwili. Huendelea kunyonya, na uzito wa maji na hewa humkandamiza mtu palepale. Tundu lenye kipenyo cha sentimita 20 lina eneo la sentimita za mraba 314 hivi, na pampu ikinyonya kwa nusu tu ya kanieneo ya hewa, mwili hubanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 160. Hakuna mzazi anayenyanyua uzito huo akiwa majini.

Mwezi Juni 2002, nchini Marekani, msichana wa miaka 7 aliyejua kuogelea vizuri, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje James Baker, alinaswa kwenye tundu la jakuzi. Mama yake alimvuta akashindwa. Wanaume wawili walipofaulu kumtoa, walikuwa wamevuta kwa nguvu kiasi cha kuvunja kifuniko cha tundu, na mtoto hakupona. Sheria ya usalama wa mabwawa iliyopitishwa huko Desemba 2007 ina jina lake, Virginia Graeme Baker, na inayalazimisha mabwawa ya umma kuwa na vifuniko vilivyothibitishwa kuzuia watu kunaswa. Kwa hiyo sisi tunaowatibu watoto hawa tunaomba sana wazazi waache kutuambia kwamba mtoto wao anajua kuogelea. Kujua kuogelea hakumsaidii aliyefungwa chini.

Swali: Kifuniko chetu kimevunjika na fundi amesema atakuja Jumatatu. Tufanyeje mwisho wa wiki?

Fungeni bwawa.

Swali: Wageni wameshalipia. Hatuwezi kuwaonya tu watoto wasikaribie pale chini?

Fungeni bwawa. Mtoto anayepiga mbizi ndiye hasa anayelitafuta tundu, kwa sababu anahisi maji yakimvuta vidole vya miguu na anaona ni mchezo. Wengine huketi juu yake kwa makusudi, wakishindana nani atakaa muda mrefu. Onyo lako linamfikia akiwa ukingoni, naye atalisahau mara tu atakapozama.

Swali: Tukilifunika kwa kipande cha bati kilichotobolewa, au wavu, tukabana kwa skrubu?

Hapana, na tunalisema hili kwa heshima lakini bila kulegeza. Kifuniko kinachofaa hutengenezwa na kupimwa kwa kiasi maalumu cha maji kwa dakika, na mara nyingi huwa na umbo la kuba ili mwili usiweze kukiziba chote. Bati bapa linazibwa kwa urahisi, kingo zake hukata ngozi, na matundu yaliyotobolewa kwa msumari hunasa vidole. Hata kifuniko halali kina umri wake, ambao mtengenezaji hutaja. Plastiki huchoshwa na jua na klorini, na skrubu huota kutu. Mpaka kifuniko sahihi kiwe kimefungwa mahali pake, bwawa ni la kutazamwa tu.

Kinga iliyo bora zaidi hufanywa wakati wa ujenzi: matundu mawili au zaidi kwenye bomba moja, yakiwa yameachana kwa sentimita 90 au zaidi, ili moja likizibwa maji yapite kwa jingine. Mnaojenga nyumba za kupangisha wageni, mwulizeni fundi jambo hili kabla zege halijamwagwa.

Swali: Nywele nazo zinanaswaje ilhali kifuniko kipo?

Maji yanayoingia kwenye matundu ya kifuniko huzikokota nywele, nazo huzungukana na kufanya fundo upande wa ndani. Rasta ndefu na nywele za kuongeza ni hatari zaidi, kwa kuwa hazikatiki kirahisi. Aliyenaswa hivi anaweza kubaki amefungwa hata pampu ikishazimwa, kwa hiyo mkasi uwekwe karibu na bwawa, mahali panapojulikana. Kofia ya kuogelea hugharimu kidogo kuliko ususi wenyewe.

Swali: Mtu akinaswa, tumvute?

Zimeni pampu kwanza. Kila mtu anayesimamia watoto bwawani ajue swichi ilipo kabla mtoto wa kwanza hajaingia majini, na chumba cha pampu kisiwe kimefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu aliyekwenda sokoni. Usipoipata swichi, zima umeme wote. Kisha usimvute wima. Penyeza vidole kati ya mwili wake na ukingo wa tundu ili maji yaingie, halafu mzungushe kwa ubavu.

Akitoka hapumui, mpe pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha mkandamize kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la wagonjwa. Msimning'inize kichwa chini. Msimkandamize tumbo ili kutoa maji. Dakika zinazopotezwa kwa mambo hayo mawili ndizo ubongo unazokosa oksijeni, na tunaendelea kuletewa watoto waliofanyiwa yote mawili.

Swali: Ametoka mwenyewe, amekohoa kidogo, sasa anacheza. Kuna haja ya hospitali?

Ndiyo. Mtoto aliyevuta maji mapafuni anaweza kuonekana mzima, kisha ndani ya saa chache akaanza kupumua haraka, kukohoa povu au kusinzia isivyo kawaida. Anahitaji kupimwa na kuangaliwa kwa saa kadhaa na watu wenye oksijeni karibu.

Swali: Hakuzama kabisa. Aliketi tu juu ya tundu, akavutwa kidogo, akajinasua.

Huyu aletwe haraka zaidi, si kesho. Tundu linaweza kunyonya utumbo kupitia njia ya haja kubwa na kuuchana ndani ya sekunde chache, bila jeraha kubwa kuonekana nje. Wapo watoto waliopoteza sehemu kubwa ya utumbo mdogo kwa njia hii na kulazimika kulishwa kwa mshipa. Alama nyekundu ya duara kwenye makalio, maumivu ya tumbo, tumbo kujaa au damu kwenye chupi ni dharura ya upasuaji. Msimpe chakula wala maji ya kunywa. Utumbo ukiwa umetoka nje, msiurudishe. Ufunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi.

Tunajua sababu ya kuchelewa: mtoto anaona haya, au anaogopa kuchapwa kwa kuwa alikatazwa, na mzazi naye anaona haya kueleza sehemu iliyoumia. Mwulizeni mtoto kwa upole, na adhabu isubiri.

Swali: Basi tukizima pampu wakati watu wanaogelea, si tumemaliza tatizo na kuokoa umeme?

Mtakuwa mmebadilisha ugonjwa. Maji yasipozunguka, klorini haifiki kila pembe wala uchafu hauondolewi, hata kama maji yanang'aa. Ndipo wanapokuja wenye maumivu ya masikio, vipele vya ngozi na kuhara. Bwawa linahitaji angalau miligramu 1 ya klorini kwa lita, na jakuzi angalau 3, muda wote watu wanapokuwa ndani. Tena pampu nyingi zimeunganishwa na saa inayoziwasha zenyewe, pengine wakati huohuo mtoto ameketi juu ya tundu. Ndiyo maana bwawa lenye kifuniko kibovu hufungwa hata pampu ikiwa imezimwa.