Upendeleo wa paneli za ndani: serikali inaponunua sola, "imetengenezwa nchini" maana yake nini?

Februari 2023, MV Mwanza iliposhushwa majini pale Mwanza South, ubishi wa vijiweni ulinoga kweli. Huyu anasema meli imetengenezwa Mwanza, tumeiona kwa macho ikiungwa kipande kwa kipande. Yule anajibu: mkandarasi Mkorea, mashine za kutoka nje, vyuma vya kutoka nje, sasa cha Mwanza hapo ni kipi zaidi ya ziwa lenyewe? Hakuna aliyemshinda mwenzake, chai ikaisha, watu wakatawanyika.

Ubishi huohuo umo ndani ya jambo linalosemwa sana siku hizi kuhusu umeme wa jua, yaani serikali kuzipa kipaumbele paneli za ndani inaponunua. Kijiweni unaishia kwenye kikombe cha chai. Kwenye zabuni, jibu lake linaamua nani anapata kazi.

Upendeleo wa namna hii ni kanuni inayompa mtengenezaji wa nyumbani nafasi ambayo bei yake peke yake isingempa. Mnunuzi lazima awe taasisi ya umma: halmashauri inayofunga sola kwenye zahanati, shule ya serikali, wizara, wakala. Wewe ukienda dukani kununua paneli ya kuchajia simu na kuwasha taa mbili, kanuni hii haikuhusu. Neno lenyewe lina harufu mbaya, najua. Likitajwa kwenye usaili wa kazi watu hununa. Lakini katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 2011, limeandikwa mchana kweupe, na kila mzabuni anatakiwa kulijua kabla hajaingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, kuweka bei yake.

Linafanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni kufunga mlango: zabuni inatengwa kwa wa ndani tu, wa nje hawaombi kabisa. Ndugu yake wa karibu ni ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Hapo hakuna hesabu ngumu, uko ndani au uko nje.

Njia ya pili ni ya kalamu, na ndiyo wengi huielewa vibaya. Tuseme halmashauri moja ya visiwa vya Ziwa Victoria inataka paneli za zahanati zake. Mzabuni anayeagiza kutoka nje ameandika Sh milioni 100. Mwenye kiwanda cha hapa nchini ameandika milioni 112. Kwa macho ya kawaida wa nje ameshinda. Sasa zabuni ikiwa na upendeleo wa asilimia 15, kamati ya tathmini inaichukua ile milioni 100 na kuipandisha, kwenye karatasi tu, iwe 115. Halafu inalinganisha: 115 kwa 112. Wa ndani anapita.

Halmashauri inalipa milioni 112, si 115. Ile asilimia 15 haitoki mfukoni kwa mtu wala haiingii mfukoni kwa mtu, ni uzito uliowekwa kwenye mzani wakati wa kupima, kisha ukaondolewa. Gharama halisi ya upendeleo hapa ni milioni 12, tofauti ya bei mbili. Hizo ni fedha za umma, na mtu yeyote anayekwambia upendeleo ni wa bure hajapiga hesabu. Na kama mwenye kiwanda angeandika milioni 116, angekosa kazi pamoja na utaifa wake wote.

Asilimia 15 sikuiokota njiani. Ndiyo Benki ya Dunia inayoruhusu kwa bidhaa katika zabuni za kimataifa za miradi inayoikopesha. Na hapa ndipo ubishi wa MV Mwanza unaporudi, maana benki haikubali maneno ya "tumeiona ikiungwa". Inazigawa ofa katika makundi matatu. La kwanza ni bidhaa zilizotengenezwa nchini ambazo nguvukazi, malighafi na vipuri vya humo nchini vinafikia angalau asilimia 30 ya bei ya mlangoni mwa kiwanda, na kiwanda chenyewe kiwe kinafanya kazi hiyo hadi siku ya kuwasilisha zabuni, kisiwe cha kwenye makaratasi. La pili ni zile zilizotengenezwa nchini bila kufikisha hiyo 30. La tatu ni za kutoka nje. Uzito wa asilimia 15 huwekwa kwa ajili ya kundi la kwanza peke yake. Kundi la pili lina kiwanda, lina wafanyakazi, lina bango getini, na halipati kitu.

Sasa ichukue paneli, iweke mezani. Juu kuna kioo kigumu. Chini yake karatasi ya plastiki inayoyeyuka ikipashwa moto na kushika kama gundi, halafu seli, halafu plastiki nyingine, halafu karatasi ya mgongoni. Pembeni fremu ya alumini, nyuma kile kiboksi cheusi zinakotokea nyaya mbili. Kiwanda cha kuunga paneli kinaunganisha seli kwa nyaya bapa, kinapanga matabaka hayo, kinayapika kwenye mashine, kinafunga fremu, kinapima paneli chini ya mwanga mkali na kubandika lebo. Ni kazi halali na inahitaji mkono mzuri. Lakini seli hazianzii hapo. Zinaanzia kwenye silikoni iliyosafishwa, ikayeyushwa kuwa mche, ikachanwa vipande vyembamba, na katika kila hatua ya mnyororo huo China inashika zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa dunia, kwa hesabu ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya mwaka 2022.

Kwa hiyo kiwanda kinachoshusha kila kitu kutoka kwenye kontena, cha kwake kikiwa mishahara na bili ya umeme, kitahangaika sana kufikisha asilimia 30. Kikipata fremu za hapahapa na kioo cha hapahapa, hesabu inabadilika. Nchi ina kiwanda cha vioo Mkuranga, ingawa kioo cha paneli si kioo cha dirisha: hupunguzwa madini ya chuma ili mwanga upite bila kuzuiwa. Kwa maoni yangu, mjadala wa upendeleo ungefaa ukae zaidi kwenye fremu na kioo kuliko kwenye kelele za "tuwe na kiwanda chetu cha sola".

Kuna mpaka mwingine usiosemwa sana. Sheria za biashara za dunia kwa kawaida zinakataza nchi kubagua bidhaa za nje, ila mkataba wa GATT wa 1947 uliacha upenyo: serikali inaponunua kwa mahitaji yake yenyewe inaweza kupendelea vya kwake, mradi haivinunui ili kuviuza tena kibiashara wala kuzalishia bidhaa za kuuza. India iliujaribu upenyo huo ikabanwa. Mpango wake wa taifa wa sola ulioanza 2010 uliwataka wawekezaji watumie seli na paneli za India, na serikali ikanunua umeme wao. Marekani ikaishtaki India kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2016 India ikashindwa hata kwenye rufaa. Hoja iliyoiangusha ni fupi: ulichonunua ni umeme, ulichobagua ni paneli, hivyo si vitu vya aina moja. India haikukaa kulia. Mwaka 2019 ikaleta mpango wa megawati 12,000 ambapo mashirika ya serikali yenyewe yanajenga mitambo kwa paneli za India, na umeme unatumiwa na serikali.

Ukiileta hoja hiyo ziwani, picha inakuwa wazi. Paneli za kuwasha jokofu la chanjo kwenye zahanati ya Ukerewe ni mahitaji ya serikali moja kwa moja, upendeleo una pa kusimama. Mtambo wa sola wa Kishapu kule Shinyanga, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50, ni wa TANESCO, nayo huuza umeme. Tena umejengwa kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, na masharti ya mkopeshaji yakigongana na sheria yetu ya ununuzi, ya mkopeshaji ndiyo hutangulia. Nenda Ukara, ambako kampuni binafsi imewasambazia wanakijiji umeme wa jua: serikali si mnunuzi hapo kabisa, mwekezaji anachagua paneli anayotaka. Wavuvi wa dagaa walioacha karabai wakahamia taa za sola, nao ni hivyohivyo. Ukiondoa wote hao, sehemu ya soko la ziwani ambayo upendeleo unaigusa ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Na upendeleo haupimi ubora. Niliwahi kuuziwa mjini paneli yenye maandishi mazuri nyuma, "100W", na jina la nchi moja ya Ulaya. Nikaipima kwa futi: sentimita 60 kwa 45. Jua kali kabisa hutoa kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo eneo lile linapokea wati 270 hivi, na paneli nzuri hugeuza takriban moja ya tano kuwa umeme. Yaani wati 54, siku ikiwa safi. Muuzaji akaniambia nisubiri jua la Agosti. Lebo inayodanganya wati inaweza kudanganya na nchi, ndiyo maana paneli ya ndani nayo lazima ipite kwenye viwango vya TBS kama ya nje kabla hata ya kuingia kwenye hesabu ya asilimia. Mzabuni aliyefeli vigezo vya kiufundi hafiki kwenye bei, na asiyefika kwenye bei hana cha kupendelewa.

Linabaki jambo moja ambalo watu wa huku ziwani hulisikia haraka kuliko wa pwani. Kiwanda cha kuunga paneli kilicho karibu nasi kipo Naivasha, Kenya, tangu 2011. Lori likitoka huko kupitia Sirari linafika Mwanza kwa safari fupi kuliko linalopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam. Paneli zake zikiwa na cheti cha uasili wa bidhaa zinapita mpakani kama za Afrika Mashariki. Zikifika kwenye zabuni iliyoandikwa "imetengenezwa Tanzania", zinakaa safu moja na zile zilizovuka Bahari ya Hindi.