Miguu Kuvimba: Ni Mmoja au Yote Miwili?

Mgonjwa akija kliniki analalamika kuvimba, swali letu la kwanza ni jepesi: ni mguu mmoja au yote miwili? Jibu lake ndilo linalotuonyesha pa kuanzia.

Damu hushuka mguuni bila taabu. Kupanda ndiyo kazi. Inarudishwa kwenye moyo na mishipa ya vena, ambayo ndani ina vali za kuizuia isiteremke tena. Kila unapopiga hatua, misuli ya nyuma ya mguu huzikamua vena na kuisukuma damu juu. Ndiyo maana muuza mitumba wa soko la Kiborloni, Moshi, aliyesimama palepale tangu asubuhi hurudi nyumbani viatu vikimbana. Vali zikilegea kwa miaka mingi, damu hutuama, mishipa hutokeza ikiwa imejisokota, ngozi ya kifundoni huwa nyeusi, na hatimaye huja kidonda kisichopona upesi. Kurithi, unene na mimba huchangia.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, unaouma na wenye joto, ni jambo jingine kabisa. Huenda damu imeganda kwenye vena ya ndani, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulala kitandani siku nyingi, au kukaa kwenye basi kutoka Moshi hadi Dar es Salaam bila kunyanyuka. Wengine huambiwa wamekanyaga uchawi, kisha wanachuliwa kwa mafuta. Usichue! Bonge la damu likichomoka huishia kwenye mapafu. Pumzi ikikubana ghafla au kifua kikichoma, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ikivimba yote miwili, tunachunguza pia moyo, figo na ini. Tunauliza na dawa unazomeza: amlodipini, kidonge cha presha, huvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Usiiache mwenyewe, mwambie daktari. Kinachoniudhi ni vidonge vya kukojoza maji vinavyonunuliwa dukani bila kupimwa. Vali iliyolegea haviikazi, na vinaweza kushusha potasiamu mwilini, madini ambayo moyo na misuli huyahitaji. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, kichwa kikamuuma au macho yakaona ukungu, asingoje tarehe ya kliniki.

Kama ni uchovu wa kusimama tu, jioni lala miguu ikiwa juu kuliko moyo, na mchana nyanyua visigino mara kwa mara hapo hapo kwenye meza ya biashara. Soksi za kubana nazo husaidia, ila mwenye kisukari apimwe kwanza: mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa, huumia zaidi.