Benki Imekubali Bei. Je, Imesamehe Deni?

Mtu anapoingia ofisini kwetu na barua ya benki mkononi, akisema kwa furaha kwamba ameruhusiwa kuuza nyumba chini ya deni, sisi washauri wa nyumba humwomba akae kwanza tuisome pamoja. Mara nyingi anachodhani kimeandikwa humo hakimo.

Tuanze na hesabu. Tuchukulie familia ya Minneapolis inadaiwa dola 285,000 za mkopo wa nyumba, na kwa bei za leo nyumba haivuki 240,000. Toa dola 18,000 za dalali na gharama za kuhamisha hati. Benki inapata 222,000. Pengo ni dola 63,000. Benki ikikubali kiasi hicho pungufu na kuondoa dhamana yake, yaani haki yake ya kuishikilia nyumba kwa ajili ya deni, ili mnunuzi apate hati safi, hiyo ndiyo biashara ambayo madalali wa Marekani huiita shoti seli. Ilivuma bei za nyumba zilipoporomoka kuanzia 2007, na mpaka leo ipo.

Benki haifanyi hivyo kwa huruma. Mnada una gharama zake: mawakili, kodi ya nyumba, bima, na mabomba ya nyumba tupu yanayoweza kupasuka kwa baridi ya Januari. Benki inapima hasara mbili na kuchagua iliyo ndogo.

Ndiyo maana itataka ithibitike kwamba huwezi kulipa: hati za mshahara, taarifa za akaunti, ritani za kodi, na barua ya kueleza dhiki iliyokupata, iwe ugonjwa, talaka au kupunguzwa kazini. Mnunuzi akipatikana, benki hutuma mthamini wake, kisha huenda ikasubiri idhini ya aliyeununua mkopo wako, kama Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki. Miezi hupita. Wanunuzi wengine huchoka wakaondoka. Na kama nyumba ina mkopo wa pili, anayeudai naye lazima aridhie, ilhali anaambulia makombo tu. Hapo mauzo mengi hukwama.

Usingoje barua ya mnada ndipo uanze. Kwa kawaida sheria ya shirikisho hairuhusu hatua za kuinadi nyumba kuanza kabla malipo hayajachelewa zaidi ya siku 120. Tena maombi yako kamili yakifika zaidi ya siku 37 kabla ya tarehe ya mnada, kwa kawaida nyumba hainadiwi wakati yanapitiwa.

Swali tunaloulizwa sana na watu wa kwetu: je, kaka yangu anaweza kuinunua, nasi tukaendelea kukaa humo? Kwa kawaida hapana. Utatia saini kiapo kwamba wewe na mnunuzi si jamaa wala hamna makubaliano ya pembeni, na kuidanganya benki ni jinai.

Sasa turudi kwenye ile barua. Kuondoa dhamana ni jambo moja, kufuta deni ni jingine. Barua inayosema tu kwamba dhamana itaondolewa humfaa mnunuzi. Wewe, katika majimbo mengi, bado unaweza kudaiwa zile 63,000. Tafuta sentensi inayosema wazi kwamba deni lote limemalizika na baki halitadaiwa. Isipokuwemo, omba iandikwe kabla hujatia saini, na mwonyeshe mwanasheria. California ina sheria ya 2011 inayomkinga muuzaji wa nyumba ya kuishi asidaiwe baki baada ya mauzo yaliyoidhinishwa. Usidhani kila jimbo liko hivyo.

Hata deni likisamehewa, idara ya kodi inaweza kulihesabu kuwa kipato chako. Aliyekuwa na madeni kuliko mali siku ya kusamehewa anaweza kuepuka kodi hiyo, yote au sehemu, kwa kujaza fomu 982. Benki hukutumia fomu 1099-C, inayoonyesha deni lililosamehewa, mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na ikiwa hukuwapa anwani mpya, itaenda kwenye nyumba uliyokwisha kuiuza.